Mimi nina makaratasi, wenzangu hawana: nisaidie vipi bila kuwadhalilisha?

SWALI

Shikamoo Shangazi. Naomba usinitaje jina. Mimi ni mtu wa kuandika programu za kompyuta, niko nje mwaka wa 14 huu na uraia nilishapata. Tuna chama chetu cha watu wa fani hii waliotoka nchi mbalimbali, tunakutana mara moja kwa mwezi, zamani tulikuwa tunaongelea kazi tu na kufundishana vitu vipya. Tangu makampuni yaanze kupunguza watu mambo yamebadilika, kila tukikutana kuna mtu ananivuta pembeni. Kuna kaka kapigwa chini wiki iliyopita, kibali chake kimefungwa kwa mwajiri, ana mke na watoto wawili na siku zinahesabika. Mwingine analipwa pungufu ya walichokubaliana, akiuliza anaambiwa kama hutaki rudi kwenu. Halafu kuna dada mmoja mkimbizi, injinia kabisa mwenye uzoefu, vyeti vyake vimebaki vitani, sasa hivi anabeba maboksi ghalani usiku. Nimekopesha hela mpaka mwenzangu nyumbani ananuna, na ana haki ya kununa. Kinachoniuma zaidi ni kwamba siku nyingine najiona kama mwizi, kwa nini mimi nilale usingizi na wao wasilale, na juzi mmoja kaniambia wewe ushafika, huwezi kutuelewa. Nikafikiria nijitoe kwenye chama. Je, nijitoe? Na nikibaki, msaada wa kweli ni upi?

Mwenye Makaratasi

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole. Usijitoe. Ukijitoa wewe mwenye uraia wanabaki watu wote wenye hofu moja peke yao, na hofu ikikaa na hofu haizai kitu.

Hilo la kujiona mwizi naomba tulimalize haraka maana halimlishi mtu. Uraia hukuuiba, ulisubiri, ulijaza fomu, ulilipia. Lakini ni kweli sasa una kitu ambacho wao hawana, na nataka tukiangalie vizuri kitu chenyewe ni nini, kwa sababu naona umekichanganya na hela. Ulichonacho si mshahara mkubwa, inawezekana kabisa yule kaka alikuwa analipwa kukuzidi. Ulichonacho ni kwamba wewe ukifukuzwa kazi kesho asubuhi, jioni utalala kwako, na mwezi ujao utalala kwako, hakuna barua itakayokuja kukuhesabia siku. Wewe unaweza kumwambia bosi hapana. Hapana yako inaweza kukugharimu kazi, hapana ya yule kaka inaweza kumgharimu nyumba, shule ya watoto na nchi, vyote kwa mpigo. Hicho ndicho cha kuazimisha.

Tuanze na huyo aliyepigwa chini maana yeye hana muda. Hujasema uko nchi gani kwa hiyo nitataja mbili ambazo sheria zake nazijua. Marekani, mtu wa H-1B, yaani viza ya kazi ya mgeni mwenye fani anayoombewa na mwajiri, akipoteza kazi anapewa mpaka siku 60, au mpaka muda wake wa kukaa uishe, kinachotangulia ndicho kinachohesabika, na mke na watoto waliokuja kwa mgongo wa viza yake wanahesabiwa siku hizo hizo. Uingereza, mwajiri aliyemdhamini analazimika kutoa taarifa serikalini, na kawaida mtu anaandikiwa barua ya kumkatia muda zikabaki siku 60. Sasa angalia kitu ambacho watu wengi hawakioni. Kule Marekani kusikia "tumekupenda, tutakuajiri" hakutoshi, mwajiri mpya lazima awe ameshapeleka maombi serikalini ndani ya hizo siku, akishapeleka na yakapokelewa jamaa anaweza kuanza kazi hata kabla ya jibu. Ina maana katika siku 60 ukitoa muda wa intavyu, na hizi za watu wa kompyuta zinaweza kwenda raundi nne tano, ukatoa muda wa mwanasheria wa kampuni kuandaa makaratasi, siku za kutafuta zenyewe hazifiki hata mwezi. Wiki tayari imepita.

Kwa hiyo ukimkopesha hela ya pango umemsaidia, sikatai, ila kuna kitu unaweza kumpa wiki hii hii na hakipungui mfukoni kwako. Kaa naye jioni moja, masaa matatu, zima simu. Uingereza serikali inatoa hadharani orodha ya waajiri wote wenye leseni ya kudhamini wageni. Marekani wizara ya kazi inatoa kumbukumbu za waajiri walioomba watu wa H-1B, kazi gani, mji gani na mshahara gani waliouandika. Pitieni pamoja, futeni wote wasiodhamini, maana mtu mwenye hofu anatuma maombi 200 kila mahali na 150 yanakwenda kwa watu ambao hawawezi kumchukua hata wakimpenda vipi, halafu anakaa anajiona hafai. Mkibaki na majina 20 wewe ndiye upige simu, kwa jina lako. Usiseme "kuna kijana ana shida ya viza", jamani usimuuze kwa shida yake. Sema nimefanya kazi na huyu mtu, aliwahi kurekebisha kitu fulani kilichotushinda, mwiteni wiki hii. Suala la viza lije mapema lakini lije la pili. Na kama kampuni yako wewe ina utaratibu wa mfanyakazi kupendekeza mtu, mbona hujautumia? Nauliza kwa upole ila nauliza, maana kwenye barua yako yote umetaja kukopesha mara moja na kupendekeza hujataja kabisa.

Na usimpe deiwaka. Najua roho itakutuma umwambie nitengenezee kitu fulani nikulipe, lakini mtu ambaye kibali chake ni cha mwajiri mmoja kufanya kazi ya pembeni kunaweza kuwa ndiyo kosa litakalomfungia mlango moja kwa moja. Ukitaka kumpa, mpe tu.

La pili, usiwe mwanasheria wake. Sisi tuliopitia tunapenda kusema "mimi nilifanya hivi ikakubali", na sheria imeshabadilika mara tano tangu tufanye. Uingereza kuna sheria ya mwaka 1999 inayofanya kuwa kosa la jinai kutoa huduma ya ushauri wa uhamiaji bila kusajiliwa, hata kama hulipwi. Kama una hela ya kutoa, mlipie saa moja ya mwanasheria wa kweli, nenda naye akitaka, kaa pembeni uandike yanayosemwa, kwa sababu mtu mwenye hofu akitoka pale hakumbuki hata nusu.

Huyo anayelipwa pungufu habari yake inanikera kwa sababu naijua. Miaka mingi nyuma nilikuwa nafanya kazi ya uhasibu ofisi moja, tuko tisa mezani, nane tuna uraia na dada mmoja ana kibali cha kazi. Bosi anamgeukia anamwambia Jumamosi utakuwepo eeh. Hakumuuliza, alimwambia. Yule dada alikuwa na daftari mbele yake, akaanza kukunja kona ya ukurasa, anaikunja, anaikunjua, anaikunja tena, halafu akasema sawa. Hakuna aliyesema neno, na mimi nilikuwepo. Tukatawanyika. Nashuka ngazi namkuta amesimama kwenye kona anapiga simu, anamwomba mtu amkalie na mtoto Jumamosi, anaongea polepole ili asisikike, na yule wa upande wa pili nadhani alikataa maana alinyamaza muda mrefu akasema basi nitaona. Ile "basi nitaona" nimeibeba mpaka leo. Ijumaa iliyofuata bosi akamgeukia tena. Safari hii nikasema Jumamosi hii nitakuja mimi, na hizi Jumamosi naomba tuzipangie zamu ya kuandikwa ili kila mtu ajue yake. Mikono yangu ilikuwa inatetemeka chini ya meza. Bosi alininunia wiki mbili hivi. Zamu ikapangwa, watu tisa, kila mtu Jumamosi moja baada ya wiki tisa. Hakuna aliyenifukuza, na hata angenifukuza ningelala kwangu.

Nimekusimulia kwa sababu ya namna, si kwa sababu ya ujasiri. Sikumtaja yule dada. Sikusema "mnamwonea". Ningemtaja ningekuwa nimemwachia yeye bili, maana bosi angejua nani amelalamika kwangu. Niliongelea utaratibu, na utaratibu ni wa wote. Wewe pia, kabla hujafungua mdomo kwa ajili ya mtu, muulize: unataka niseme, au unataka ninyamaze? Kuna atakayekuambia nyamaza, na hapo unanyamaza kweli, usijifanye unajua maisha yake kumzidi.

Kwa huyu wa mshahara, kama yuko Marekani kwa H-1B, mwajiri wake alijaza fomu inaitwa LCA akaahidi kiwango cha mshahara, na sheria inamtaka ampe mfanyakazi nakala yake kabla au siku ile anapoanza kazi. Muulize anayo? Wengi hawajawahi kuiona. Hata akikalishwa bila kazi kwa sababu mradi umekwisha bado anatakiwa alipwe. Na malalamiko ya mshahara yanapokelewa wizara ya kazi ndani ya miezi 12, kwa hiyo kukaa kimya akisubiri mambo yapoe nako kunamkata. Akiwa na karatasi mkononi mazungumzo yanabadilika, "rudi kwenu" inaanza kupungua nguvu. Lakini uamuzi wa kulalamika ni wake. Kazi yako ni kumtafutia karatasi, na kumtafutia mwajiri mwingine wa akiba kabla hajaanza vita, kwa sababu akishaanza vita bila pa kwenda ile hesabu ya siku 60 itakuwa juu yake.

Sasa dada injinia. Huyu nakuomba umuangalie kwa namna ya peke yake, maana anayebeba maboksi usiku hana nguvu ya kuja kukuvuta pembeni, nashangaa hata umemjua. Kwenye vyama kama chenu msaada unaelekea kwa wanaong'aa, wanaoongea vizuri, wenye kuchekesha watu kwenye mkutano, na anayechoka anakaa nyuma karibu na mlango. Kuhusu vyeti: kuna mkataba wa Lisbon wa mwaka 1997 wa kutambua masomo ya elimu ya juu, na kipengele chake cha 7 kinazitaka nchi zilizousaini ziwe na utaratibu wa kupima elimu ya wakimbizi hata kama makaratasi ya kuthibitisha hayapo. Kutokana na hilo Baraza la Ulaya lina pasipoti ya sifa za elimu kwa wakimbizi, mtu anafanyiwa tathmini kwa nyaraka zozote alizonazo pamoja na usaili, anapewa hati inayodumu miaka mitano. Haimpi leseni ya fani wala haimpi kibali cha kazi, isije ikamvunja moyo, ila inampa kitu cha kuweka mezani. Kwa fani yenu mna bahati nyingine, kazi inajionyesha. Mshirikishe kwenye kazi moja ya wazi ya chama, jina lake liandikwe wa kwanza kama alichofanya ndicho kikubwa, halafu wewe uandike barua ya kusema nimeona kwa macho yangu anafanya hiki na hiki. Barua ya mtu aliyeona inasomwa. Ile ya "ni mchapakazi na mwaminifu" haisomwi.

Na hebu nikuambie kitu cha zamani kidogo. Mwaka 1933 serikali ya Hitler ilipoanza kuwafukuza maprofesa Wayahudi vyuoni, kulikuwa na mwanafizikia anaitwa Leo Szilard, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa Berlin, naye akakimbia. Alifika Vienna hana kazi, hana cheo, na huko akakutana na William Beveridge, Mwingereza aliyekuwa mkuu wa LSE, chuo cha uchumi na siasa cha London, akamsukuma lifanyike jambo. Beveridge aliporudi London akakusanya wenzake wenye majina, mwanafizikia Ernest Rutherford akakubali kuwa rais, wakaanzisha baraza la kuwasaidia wasomi hao, na walimu wa LSE wakakubali kukatwa sehemu ya mishahara yao. Szilard akafanya kazi za baraza bila kulipwa, naye mwenyewe bado mgeni. Kati ya waliosaidiwa yumo Hans Krebs aliyepata Nobel ya tiba mwaka 1953, Max Born aliyepata ya fizikia 1954, na daktari Ludwig Guttmann ambaye michezo aliyowaanzishia wagonjwa wake pale hospitali ya Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1948 ndiyo ikaja kuzaa Paralimpiki, ile michezo ya dunia ya watu wenye ulemavu. Baraza lile lipo mpaka leo, linaitwa Cara. Nakipenda hiki kisa kwa sababu ya Szilard, mtu asiye na nafasi aliyejua nani ana nafasi akaenda kumgongea mlango. Wewe una vyote viwili, ulikuwa mgeni na sasa una nafasi, kwa hiyo ukiambiwa "huwezi kutuelewa" usibishane naye. Muulize, nisiloelewa ni lipi? Halafu sikiliza mpaka amalize, hata kama atachukua saa nzima, na hata kama sehemu yake itakuhusu wewe.

Hela, kwa kifupi. Kaeni na mwenzako mkubaliane kiasi ambacho kikienda hakirudi na hamtagombana, mkiweke kwenye mfuko wa chama, atoe mweka hazina na si wewe. Deni kati ya mtu na mtu linaua urafiki, na mtu unayemdai ataanza kukukwepa siku ambayo ndiyo anakuhitaji.

Huyo wa kwanza mpigie leo.

SWALI

Shangazi pole na majukumu. Mimi ni muuguzi, nasimamia wodi, hapa ndiyo nchi yangu niliyozaliwa. Tumeletewa wauguzi wageni sita kupitia wakala. Wanafanya kazi vizuri mno lakini hawalalamiki kamwe, na nimekuja kugundua kwamba mmoja pasipoti yake anayo wakala "kwa usalama", na wote wamesaini kwamba wakiondoka kabla ya miaka mitatu watalipa hela nyingi sana. Mimi si mkubwa hospitalini, nina uwezo gani hapo?

Sista wa Wodi

JIBU

Dada yangu, unao kuliko unavyodhani, na asante kwa kuliona, maana watu wanaona mgeni asiyelalamika wanasema karidhika.

Pasipoti kwanza. Shirika la Kazi Duniani lina dalili 11 za kutambua kazi ya kulazimishwa, na kumshikia mtu hati zake ni mojawapo. Hakuna "kwa usalama" hapo. Ongea na huyo muuguzi faragha, nje ya wodi, umuulize anaweza kuichukua siku anayoitaka bila kuomba ruhusa? Akisema hapana, muulize kama yuko tayari uende naye kwa chama cha wauguzi au kwa mwanasheria. Usimfuate wakala mwenyewe, atajua imetoka kwa nani na wewe hutakuwepo pale huyo muuguzi anapopigiwa simu usiku.

Ule mkataba wa kulipa, omba nakala, na asome mtu wa chama cha wafanyakazi. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1997, unakataza mawakala binafsi kumtoza mfanyakazi ada au gharama, na ingawa nchi inaruhusiwa kuweka vighairi, mara nyingi hizi "gharama za kumleta" ni ada ile ile imevaa nguo nyingine. Shirika la Afya Duniani nalo lina kanuni zake za mwaka 2010 kuhusu kuajiri wahudumu wa afya kutoka nje, zinataka mgeni apewe haki na masharti sawa na mwenyeji. Kanuni hizo ni za hiari, sitakudanganya kwamba utakwenda nazo mahakamani, lakini hospitali hazipendi kuulizwa kwa maandishi kama zinazifuata, na wewe mwenyeji ndiye unayeweza kuuliza bila kesho kuitwa kuhusu viza yako.

Na kuna kitu kiko mkononi mwako kabisa hakihitaji mkubwa yeyote. Chukua rosta za miezi mitatu iliyopita, chukua kalamu ya rangi, weka alama kila shifti ya usiku na kila sikukuu waliyopangiwa hao sita, uhesabu, halafu uhesabu za wengine. Namba zikikuonyesha ninachodhani zitakuonyesha, rosta ya mwezi ujao unaipanga wewe.